Mchoro wa kichanja naugawa bure, mkono wangu ndio unaolipwa. Karibuni tuzungumze kubuni vitu kwa ajili ya watu

FundiMirunda (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Mimi ni fundi wa mbao na kuchomelea, naishi Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Miaka minne iliyopita nilianza kutengeneza vichanja vya kuanikia dagaa, yaani meza za miti zilizotandikwa wavu, kwenye mwalo mmoja (ufukoni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga) upande wa Igombe. Tangu hapo, kila nikikaa na mafundi wenzangu naulizwa swali lilelile: kwa nini mchoro wako unaugawa bure? Kijiweni nimekuwa nikijibu nusu nusu. Leo nimeona niyaweke yote hapa, wenye kujua zaidi mnisahihishe.

Nianze na dagaa mwenyewe. Sangara ana viwanda, ana barafu, ana minofu inayopanda ndege kwenda Ulaya. Kwa kuwa ana fedha, watu wamekaa wakamfikiria: namna ya kumpoza, kumkata, kumfunga, kumsafirisha. Dagaa ndiye anayevuliwa kwa wingi kuliko samaki wote wa ziwa hili ukipima kwa uzito, ndiye anayeliwa na mtoto wa Kishapu na mwanafunzi wa bweni Tabora, lakini mwaloni bado anaanikwa mchangani kama enzi za bibi zetu. Mama anayemwanika hana fedha ya kumlipa mtu akae chini afikirie shida yake, basi shida inabaki ilivyo, mwaka hadi mwaka.

Waliowahi kufika mwaloni alfajiri wakati wa giza, siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa, wanajua. Mitumbwi inaingia, taa zinazimwa, kina mama wananunua kwa ndoo, wanamwaga mchangani, wanatawanya kwa mikono. Jua likiwaka vizuri, jioni wanakusanya. Dagaa wanakuwa na mchanga, kuku wamepita juu yake, mbuzi wamepita. Mvua ikishuka kutoka ziwani, na mnajua mvua ya huku haipigi hodi, mzigo wote unalowana na kuchanganyika na tope. Hapo bei inashuka mpaka ya dagaa wa chakula cha kuku. Nimemwona mama mmoja amekaa kando ya mzigo wake ulionyeshewa, halii, hasemi, anaokota moja moja. Mimi nilikwenda pale siku hiyo kurekebisha mlango wa ghala la mtu. Sikulala vizuri.

Kichanja si uvumbuzi wangu, hilo niliseme mapema. Vichanja vya dagaa vipo miaka mingi, na maofisa uvuvi wamevihimiza sana. Nilichojiuliza ni kwa nini pale mwaloni vilikuwepo vitatu tu, na viwili vimelala chini.

Cha kwanza nilikitengeneza kwa akili yangu mwenyewe. Nilikipandisha hadi kifuani mwangu ili mbuzi asifike, upana karibu mita mbili ili kibebe mzigo mwingi. Kizuri kwa macho. Siku ya kwanza kina mama walipokitumia nikaona aibu: mikono yao haikufika katikati. Aliyekuwa na mtoto mgongoni hakuweza kuinama juu yake kabisa. Wavu niliotandika ulikuwa na matundu makubwa kidogo, asubuhi dagaa walikaa, mchana walipokauka wakasinyaa, wakaanza kuanguka chini kupitia matunduni. Kumbe samaki mbichi na samaki mkavu ni vipimo viwili.

Cha pili nilishusha kimo, nikapunguza upana. Kikapinda katikati, maana dagaa mbichi ni maji matupu na uzito wake si mchezo. Cha tatu nikaongeza mrunda (nguzo ya mti) wa katikati, nikatandika wavu chakavu wa dagaa wenyewe, ule ambao matajiri wa mitumbwi wanautupa ukishachanika. Matundu yake ni madogo na ni wa bei ya chini kabisa. Hicho ndicho kikakaa. Upepo unapita juu na chini, dagaa hawahitaji kugeuzwa mara kwa mara, mvua ikija unatupia turubai juu na maji yaliyokwisha kuingia yanadondoka chini yenyewe.

Vipimo vyote nimevichora kwenye karatasi moja, nikatoa kopi. Anayetaka anachukua. Anayetaka nimtengenezee ananilipa mirunda, misumari na siku zangu za kazi, kama fundi yeyote.

Hilo ndilo jambo langu. Wazo la kumsaidia mtu kukausha chakula chake lisiwe na mlango wa kulipia. Jasho langu nalidai, maana watoto wangu nao wanakula. Naomba kuwasilisha.

Mtaalam_wa_Mabatini

Mkuu hongera, ila nakuuliza kwa nia njema. Ukitoa mchoro bure, mafundi wengine watakuchukulia wateja. Utakula nini?

FundiMirunda

Wameshachukua mkuu. Wawili nawajua kabisa. Mmoja aliongeza kitu ambacho mimi sikukifikiria: upande mmoja wa kichanja ameufunga kwa vipande vya tairi badala ya misumari, kitanda cha wavu kinainuka kama mfuniko, dagaa wakikauka unakiinamisha wanamiminika kwenye turubai. Kazi ya kukusanya nusu saa inaisha kwa dakika chache. Nilipokiona nilikwenda kumwomba anifundishe, akanifundisha. Sasa na mimi natengeneza hivyo. Ningekuwa nimeficha mchoro, kichanja cha tairi kisingezaliwa.

Hata mkanda unaofunga ukikaa mbele kwenye Hiace, ule wa kupita begani na kiunoni, ulitoka kwa Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Kampuni ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige, lakini ikawaachia watengeneza magari wengine wautumie. Volvo haikufa njaa, iliendelea kuuza magari.

Na jiko la mkaa lenye udongo ndani na bati nje, lile tunalopikia karibu kila nyumba ya mjini. Liliundwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo la msingi likiwa limetoka Thailand. Likaachwa mikononi mwa mafundi wa jua kali, kila mmoja akafinyanga na kugonga bati kwa namna yake. Ndiyo maana leo huulizi jiko hili ni la kampuni gani. Linatengenezwa mtaani, linarekebishwa mtaani.

MwalimuWaSanaa_Nyakato

Uzi mzuri sana huu. Nafundisha uchoraji na ufundi, naomba nichangie upande ninaoujua.

Katika karne iliyopita alikuwepo msanifu mmoja aliyezaliwa Vienna akaishi Marekani, Victor Papanek. Aliwaudhi wenzake kwa kusema wazi kwamba wasanifu wanatumia akili nyingi kwa vitu visivyohitajika na wanawaacha wenye mahitaji. Yeye na mwanafunzi wake walitengeneza redio ndani ya kopo tupu la juisi, isiyohitaji betri wala umeme. Ilipata nguvu kwa kuchoma nta au hata kinyesi kikavu cha ng'ombe. Hawakuichukulia hataza. Ilipelekwa Indonesia. Wasanifu wengine waliiponda kwa ubaya wake, kwamba hata rangi haikupakwa. Papanek hakuipaka rangi kwa makusudi, alisema hana haki ya kuwaamulia watu wa huko urembo wao. Nao wakairemba wenyewe, kwa vitambaa na magamba ya kombe.

Naomba nimuulize mleta mada: vichanja vyako kina mama wamevifanyia nini ambacho hukukipanga?

Jambo la pili ni la tahadhari, maana nia njema peke yake haitoshi. Wengi mtakuwa mmesikia habari za PlayPump iliyoanzia Afrika Kusini. Ni bembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Ilipendwa sana na wafadhili, na mwaka 2006 ilichangiwa mamilioni ya dola. Pampu moja iligharimu kama dola 14,000, mara kadhaa zaidi ya pampu ya mkono ya kawaida. Zilipofika vijijini ikaonekana watoto wanachoka, wanaingia darasani, na maji yanahitajika muda wote. Wakabaki kina mama watu wazima wakiizungusha kwa mikono, jua kali, kazi ngumu kuliko pampu ya zamani waliyong'olewa. Ikiharibika, fundi wa kijiji hana la kufanya. Kile kitu kilibuniwa kimpendeze mtoaji wa fedha. Mama wa kijiji hakuulizwa.

FundiMirunda

Mwalimu asante sana, hiyo ya redio sikuijua.

Swali lako: wamefunga vipande vya kanga miguuni mwa vichanja, kila mmoja kanga yake, ili ajue chake ni kipi hata gizani. Mmoja amening'iniza ndoo ya mtoto kuchezea. Chini ya vichanja wanakaa kivulini mchana wakichambua. Kivuli sikukipanga, na wananiambia ndicho wanachokipenda kuliko vyote.

Na hiyo PlayPump imenikumbusha jambo. Pale mwaloni upo mradi ulikuja kabla yangu, siutaji. Walileta sanduku la kukaushia lenye plastiki ngumu juu na feni ya nguvu za jua. Zuri, dagaa wanatoka safi mno. Ila linabeba ndoo mbili, na mama anayefanya biashara ya kueleweka anaanika ndoo ishirini. Feni ilipokufa, kipuri hakikupatikana Mwanza nzima. Sasa wanahifadhia magunia humo. Ndiyo maana siku hizi kabla sijachora chochote nauliza kwanza nani atakirekebisha kikivunjika, na msumari wake unauzwa duka gani.

Mama_Vichanja_Kayenze

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nipo kwenye biashara ya dagaa mwaka wa kumi na tisa sasa. Naona wanaume mnaongea vizuri, na mimi niongee kama mwenye dagaa.

Kwanza fundi, ule mtindo wako wa kupaka oili chafu kwenye miguu ya mirunda ili isiliwe na mchwa, uache. Oili inapanda na joto. Dagaa wa kichanja cha pembeni walinuka oili na mteja wangu wa Kahama alirudisha magunia mawili. Sisi huku tunachoma ncha ya mrunda mpaka iwe nyeusi, halafu tunausimamisha ndani ya debe tunalojaza zege. Hauozi, na kichanja unaweza kukihamisha ziwa likipanda.

Pili, na hili ndilo lililonifanya nijiunge humu. Mmesema mchoro ni bure. Ni kweli. Sasa ngoja niwaambie ulivyofika huku. Amekuja mfanyabiashara mmoja, ana mtaji, akatengeneza vichanja vingi kwa mpigo, akavipanga sehemu yote nzuri ya mwalo, ile yenye upepo. Sasa anatukodisha kwa siku. Kina mama waliokuwa wanaanika mchangani bila kumlipa mtu leo wanalipa kodi ya kichanja. Asiye na kodi amesogezwa kwenye majani, huko mbali, hata jua halimfikii vizuri. Dagaa wamekuwa wasafi, bei imepanda, faida imekwenda kwake. Wewe fundi ulitoa bure kwa moyo mweupe, aliyekuwa na mtaji ndiye aliyeokota kwanza.

Sikulaumu mwanangu. Nasema kichanja kinahitaji ardhi, na ardhi ya mwalo hukuichora.

FundiMirunda

Mama, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Oili naiacha leo. Nilikuwa naitumia kwa mazoea ya kujenga mabanda, sikufikiria harufu. Naomba unisamehe kwa magunia yale kama mkono wangu ulikuwemo.

La ardhi sina jibu la haraka. Niliona mbao na wavu, nikadhani nimeona shida yote. Kweli kabisa, kitu kizuri kikiwekwa wazi anayekifikia kwanza ni mwenye nafasi. Bado siamini kwamba kuficha mchoro kungesaidia, maana tajiri angenilipa mimi na kukodisha vilevile. Lakini nakubali kazi yangu ilikatika njiani. Je, uongozi wa mwalo wenu unaweza kutenga sehemu ya kina mama wasio na mtaji?

Mama_Vichanja_Kayenze

Tumeshaomba, kikundi chetu cha kina mama thelathini na mbili. Tumeambiwa tusubiri kikao. Tunachotaka ni kipande chenye upepo, kisikodishwe wala kuuzwa, kila mwanachama vichanja viwili na asipovitumia giza mbili mfululizo apewe mwingine. Tumeandika kwa mkono, tumesaini. Tunasubiri.

Mhasibu_wa_Mtaa

Naomba kutofautiana kidogo na roho ya uzi. Faida mnaizungumza kama uchafu. Pale Nairobi mwaka 1991 Martin Fisher na Nick Moon walianzisha shirika ambalo leo linaitwa KickStart, wanatengeneza pampu za umwagiliaji za kukanyaga kwa miguu. Hawagawi, wanauza. Hoja yao ni kwamba mkulima akinunua kwa fedha yake anaitunza na anaitumia kuingiza kipato, na dukani vipuri vinaendelea kuwepo. Msaada ukiisha, cha bure kinakufa. Nadhani biashara safi inawafikia wengi kuliko sadaka.

FundiMirunda

Mkuu sijasema faida ni uchafu, na vichanja sigawi, nauza. Tunachotofautiana pengine ni nani anakaa mbele wakati wa kuchora. Wale wa pampu walimweka mkulima mdogo mbele, wakahesabu mfuko wake kwanza. Hiyo kwangu ni kubuni kwa ajili ya watu hata kama kuna risiti.

Nikupe mfano wa mfuko. Mwanzo niliwakopesha kina mama vichanja walipe kidogo kidogo kila Jumamosi. Wakashindwa, na mimi nikaanza kuwaona si waaminifu. Siku moja bibi mmoja akanikalisha akaniuliza: mwanangu, Jumamosi ya mbalamwezi nitakulipa na nini? Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa wanatawanyika, mitumbwi inalala siku kama kumi hivi. Kina mama hawana kitu siku hizo, wanakula akiba. Nikabadilisha, malipo yakafuata mwezi: giza likiingia analipa, mbalamwezi hatudaiani. Kwenye kundi lile hakuna aliyeniangusha tena. Kalenda ya malipo nayo ilikuwa sehemu ya kichanja, na niliichora vibaya kama nilivyochora upana.

Baharia_Goziba

Mimi mvuvi. Mmegusa kina mama, mguseni na mtu aliye majini. Makoti ya kujiokolea tunayo, tajiri ananunua kwa sababu ya doria. Lakini yale ni ya abiria aliyekaa. Ukivuta wavu usiku linakubana makwapani, linanasa kamba, ukilowana ni zito na la moto. Vijana wanalivua na kulikalia. Ndugu zetu wanazama na koti lipo chini ya makalio. Anayebuni aje alale na sisi usiku mmoja tu mtumbwini.

MwalimuWaSanaa_Nyakato

Kaka, hili nimelichukua. Nina wanafunzi wawili wanaoshona vizuri. Nikiwaleta mwaloni, unaweza kutuonyesha mnavyovuta wavu hata mkiwa nchi kavu, tupime mikono inavyokwenda?

Baharia_Goziba

Njooni mbalamwezi, tunakuwa nchi kavu tunatengeneza nyavu. Mje na kipimo cha fundi cherehani.

Mtaalam_wa_Mabatini

Nimejifunza. Nilikuja na swali la utakula nini, naondoka na la nani anamiliki mwalo. Hata hii intaneti tunayoandikia, nasoma hapa kwamba Aprili 30, 1993 CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, waliachia teknolojia ya wavuti ya Tim Berners-Lee itumiwe na yeyote bila malipo, na waliotajirika sana juu yake ni wengine kabisa. Yaliyompata Mama wa Kayenze yamewapata wengi.

Mama_Vichanja_Kayenze

Fundi, habari mpya. Kikao kimekaa jana. Hatujapewa kipande tulichoomba, tumepewa kingine nyuma ya mialo ya mitumbwi, upepo upo wa wastani. Tumekipokea huku tukiendelea kuomba kile cha kwanza. Tunataka vichanja kumi kwa kuanzia. Nyavu chakavu tumeshakusanya, madebe tunayo, saruji tumechanga. Mirunda na mkono wako ndiyo vimebaki.

FundiMirunda

Mama nakuja giza likiisha, ili muwe na nafasi. Mirunda naileta kwa Fuso moja na mzigo wa mtu, nauli tutagawana. Yule fundi wa tairi amekubali kuja nami. Miguu nikate sentimita ngapi, tisini kama ya Igombe?

Mama_Vichanja_Kayenze

Usikate chochote huko. Lete mirunda mizima. Kwenye kikundi tunaye mama mmoja mfupi sana na ana mapacha, mmoja mgongoni mmoja kifuani. Atasimama hapo mchangani, tutapimia kwake, ndipo ukate.